Usukani wa Land Rover Kuukuu Hauponi kwa Kukaza Skrubu Moja

Atokaye Iringa akifika Makambako hukutana na njiapanda: akinyoosha anakwenda Mbeya na Zambia, akikata kushoto anashika njia ya Njombe hadi Songea. Mji huo umekua kwa sababu ya njiapanda hiyo pamoja na stesheni ya TAZARA, na palipo na malori na mabasi gereji hazikosekani. Katika gereji hizo, na zile za Njombe mjini umbali wa kilomita 60 hivi, bado huletwa Land Rover zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970, matope mekundu yakiwa yamegandamana chini na magunia ya viazi yakiwa nyuma. Malalamiko ya wenye magari hayo hufanana. Usukani unacheza, gari linatangatanga barabarani, linavuta upande mmoja, au likifika mwendo fulani linatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Tiba nayo hufanana kupita kiasi: spana inapelekwa moja kwa moja kwenye stelingi boksi, lokinati inalegezwa, skrubu inakazwa robo mzunguko, usukani unajaribiwa kwa mkono, gari linaruhusiwa. Ninachodai ni kwamba kwa magari mengi hiyo si tiba. Inauhamisha ugonjwa kutoka mahali unapohisiwa kwenda mahali usipohisiwa, na mara nyingine huuzidisha. Tatizo la usukani wa gari la namna hii litafutwe kuanzia ardhini kwenda juu, kutoka kwenye tairi kuelekea mikononi mwa dereva, na boksi liwe la mwisho kuguswa.

Kabla ya hoja yenyewe, neno kuhusu gari. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini huku chasisi ikibaki ya chuma. Uamuzi huo wa shida za wakati ule unamgusa mwenye gari wa Njombe hadi leo: bodi haili kutu, gari linaonekana zima kwa macho, kumbe chini chasisi inaliwa polepole na maji ya matope. Toleo la pili lilitoka 1958, likarekebishwa 1961, na la tatu likaundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa upande wa usukani matoleo hayo yanalingana kwa karibu kila kitu, na ndiyo sababu maelezo ya gari la 1965 yanamfaa pia mwenye gari la 1979. Ulaya magari haya sasa ni ya maonyesho na ya Jumapili. Nchini kwetu nayo yana mashabiki wake, na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini gari la umri huo bado linafanya kazi: linashusha mbao, linapandisha mbolea, linatoa viazi na parachichi shambani hadi palipo na lami. Gari la maonyesho lenye usukani mlegevu ni aibu kwa mwenyewe tu. Gari la kazi lenye usukani mlegevu limebeba watu juu ya mzigo.

Sasa tuufuate usukani kutoka juu hadi chini, kwa sababu asiyeijua njia hii hawezi kujua ilikokatika. Dereva akizungusha usukani, mhimili wake unazungusha skrubu nene iliyomo ndani ya stelingi boksi. Skrubu hiyo inaendesha nati inayotembea juu ya gololi, na nati inazungusha shafti fupi yenye mkono wa chuma kwa nje. Mkono huo unasukuma fimbo ndefu inayokwenda mbele hadi kwenye kifaa kilichochomekwa ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, kwenye eneo la rejeta, ambacho mafundi hukiita rilei. Rilei ina mkono juu na mkono chini. Wa juu unapokea, wa chini unatoa. Wa chini unasukuma fimbo ya pili hadi kwenye gurudumu moja, na kutoka gurudumu hilo fimbo ya tatu inavuka kwenda kwenye gurudumu la pili ili yote mawili yageuke pamoja. Kila fimbo ina kiungo cha gololi kila upande, yaani tairodi endi. Fimbo tatu, viungo sita. Ongeza rilei, ongeza kingpini za magurudumu yote mawili, ongeza beringi za magurudumu, bushi za springi na boliti zinazoshika boksi lenyewe. Hapo ndipo msomaji anaanza kuona kwa nini kulaumu boksi peke yake ni sawa na kulaumu mlango kwa baridi inayoingia nyumba isiyo na madirisha.

Ushahidi mkubwa uko kwenye hesabu, nayo ni hesabu ya darasa la saba. Chukua mfano wa viungo vinne tu, vile vilivyo kati ya boksi na gurudumu la kwanza. Tuseme kila kimoja kimelegea milimita moja, mlegeo ambao kidole kinauhisi kwa shida. Jumla ni milimita nne. Mikono ya chuma inayosukumwa na fimbo hizo tuikadirie kuwa na urefu wa sentimita 15. Boksi la magari haya limeundwa ili dereva azungushe usukani nyuzi 15 hivi ndipo mkono wa chini usogee nyuzi moja. Hicho ndicho kinachompa nguvu ya kugeuza tairi nzito bila msaada wa mashine. Lakini kinachopunguza uzito kwenda chini hukuza mlegeo ukirudi juu. Milimita nne kwenye mkono wa sentimita 15, zikizidishwa kwa 15, zikafika kwenye ukingo wa usukani ulio sentimita 20 kutoka katikati, zinakuwa sentimita nane. Dereva anazungusha usukani upana wa kiganja kizima bila tairi kujua lolote. Na hapa boksi tumeliacha likiwa zima kabisa. Hakuna skrubu ya boksi inayoweza kufuta sentimita hizo, kwa sababu hazimo humo.

Mtu atauliza: mbona ikikazwa usukani unabana kweli, na dereva anaondoka ameridhika? Unabana, na hapo ndipo hatari ilipo. Sehemu kubwa ya maisha ya gari hupita likienda mbele, kwa hiyo skrubu iliyomo ndani ya boksi huchakaa zaidi katikati, pale usukani unapokuwa umenyooka. Pembeni, sehemu zinazotumika kona kali tu, hubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Fundi akikaza mpaka mlegeo wa katikati uishe, pembeni panakaza kupita kiasi. Usukani utakuwa mtulivu kwenye lami iliyonyooka baina ya Makambako na Njombe, kisha utakuwa mgumu kwenye kona, na baada ya kona hautarudi wenyewe katikati. Fikiria gari hilo likishuka kwenda Ludewa. Kwenye njia hiyo kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege kwa sababu ya miteremko na mvua za milima ile. Kona ni za kukunja, na dereva anahitaji usukani unaoenda na kurudi bila kubishana naye. Aliyekaziwa boksi amebadilisha kero ya barabara iliyonyooka kwa hatari ya mteremko. Huo si mbadala ambao mtu angeukubali kama angeelezwa mapema.

Kipimo sahihi hakihitaji mashine. Kinahitaji watu wawili, tochi, na nusu saa ya subira. Gari liwe chini kwa matairi yake yote, lisiwe juu ya jeki, kwa sababu uzito wa gari ndio unaoyashika magurudumu ili mlegeo ujitokeze. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yawekewe kabari. Mmoja anakaa kwenye kiti na kusogeza usukani kushoto na kulia taratibu, kiasi kile tu kinachocheza na kidogo zaidi, bila kukoma. Wa pili analala chini, anakumbatia kiungo kimoja kwa kiganja, nusu ya kiganja ikiwa kwenye fimbo na nusu kwenye mkono wa chuma. Macho hudanganywa na matope, kiganja hakidanganyiki. Kiungo kizima hupeleka mwendo wote upande wa pili kwa wakati mmoja. Kilichokufa huchelewa, na kuchelewa huko hugonga kwenye kiganja kama mapigo ya moyo. Akimaliza kiungo cha kwanza anahamia cha pili, mpaka vyote sita viishe, akiweka alama ya chaki kwenye vilivyogonga. Kisha anashika rilei: je, mkono wa juu na wa chini vinaondoka pamoja, na je, mwili wa rilei umetulia ndani ya boriti au nao unazunguka? Mwisho anafika kwenye boksi. Anaangalia kama boksi lenyewe linacheza kwenye boliti zake, na kama mhimili wa usukani unazunguka huku mkono wa nje umesimama. Mhimili ukizunguka na mkono ukasimama, boksi lina hatia. La sivyo, spana ikae mbali nalo.

Rilei nairudia kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili huruma zaidi. Ndani yake mna shafti inayobanwa na bushi zilizopasuliwa, na katikati mna springi yenye nguvu inayozisukuma bushi hizo ziishike shafti. Ubanaji huo umewekwa makusudi. Unameza mitetemo ya barabara isimfikie dereva. Ili ufanye kazi hiyo miaka mingi, rilei hujazwa oili nzito ya namba 90. Sasa kwa kuwa imejificha ndani ya boriti na haina pampu wala kioo cha kuonyesha kiwango, oili ikivuja hakuna anayejua. Kiangazi kinaingiza vumbi, masika yanaingiza maji, na siku moja shafti inashikana na bushi zake kwa kutu. Dereva anahisi usukani umekuwa mzito na haurudi katikati baada ya kona. Anapelekwa kwa fundi. Fundi anasema boksi. Asubuhi za Juni na Julai, Njombe ikiwa kwenye baridi yake kali, oili nzito huganda na usukani wa gari zima nao huwa mzito kidogo, lakini jua likipanda wepesi hurudi. Uzito usioondoka saa saba mchana hausababishwi na baridi. Njia ya kuthibitisha ni kuzifungua fimbo zote mbili zilizoungana na rilei na kuusukuma mkono wake peke yake. Unapaswa kukataa kidogo kisha kwenda kwa ulaini uleule mwanzo hadi mwisho. Ukienda kama mkono uliofungwa kwa kamba iliyolegea, springi au bushi zimekwisha. Usipoenda kabisa, oili imekauka zamani.

Na hapa onyo kwa anayetaka kujifungulia mwenyewe: springi ya rilei imebanwa kwa nguvu nyingi, na shafti ikitolewa bila kuizuia hutoka kwa kasi ya kuweza kuvunja taya. Waliozoea huivalisha gunia au bomba imara kabla ya kugonga. Tena mwili wa rilei na boriti ya chasisi hushikana kwa kutu kiasi kwamba kuutoa kunaweza kuchukua siku nzima ya oili ya kupenya, moto kidogo na subira. Ugumu huo ndio unaowafanya wengi waikwepe. Lakini kuikwepa hakuifanyi ipone.

Baada ya viungo na rilei, gari sasa liinuliwe, gurudumu moja baada ya jingine, likalishwe kwenye stendi imara kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na urudie. Mchezo ukitoweka, kosa ni beringi za gurudumu, kwani breki imelifunga gurudumu na kile linachozungukia. Mchezo ukibaki, kosa ni kingpini, zile pini mbili za juu na chini ya mpira wa chuma unaong'aa nyuma ya gurudumu. Kingpini hurekebishwa kwa vibati vyembamba viitwavyo shimu, na kitabu cha kiwanda kinataka nguvu ya kuligeuza gurudumu ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Mizani ya aina hiyo si kitu kigeni kwenye nchi ya viazi, ingawa fundi aichague ile yenye kusoma kilo chache. Ubanaji ukiwa mdogo mno, tairi likipita kishimo kimoja gari zima huanza kucheza ngoma ya kutetemeka ambayo haiachi mpaka dereva apunguze mwendo. Wengi huinunulia ngoma hiyo shokapu ya stelingi. Shokapu itaituliza kwa muda, na wakati huo pini inaendelea kula bushi yake kimyakimya.

Yapo pia makosa yanayojivika sura ya usukani na wala si ya usukani. Tairi la waya likifungwa upande mmoja wa mbele na tairi la nyuzi upande wa pili, gari litavuta, na hakuna fundi wa stelingi atakayeweza kulizuia. Upepo wa tairi usiolingana hufanya vivyo hivyo. U-bolti za springi zikilegea, ekseli nzima husogea gari likipandishwa au likifungwa breki, na dereva hudhani usukani umepotea. Bushi za springi zikiisha, hali ni ileile kwa kiwango kidogo. Mzigo nao: Land Rover ya chasisi ndefu ilikusudiwa kubeba karibu tani moja, na magunia ya lumbesa yakirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito wa mbele hupungua na magurudumu ya mbele hushika barabara kwa vidole. Hata maumbile ya nchi hudanganya. Makambako inavuma upepo kiasi kwamba kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa maeneo ya kuzalisha umeme wa upepo, na gari refu lenye bodi ya mbavu bapa husukumwa na upepo huo hata likiwa jipya. Barabara zenyewe zimeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kushuka kidogo kuelekea kushoto si ugonjwa. Gari lipimwe asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye kipande tambarare, likiwa tupu.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia likisemwa kwa uhakika mkubwa ni kwamba Land Rover ndivyo zilivyo, zimezaliwa na usukani mlegevu na mtu azizoee tu. Ni kweli kwamba hakuna toleo lolote la miaka ile lililokuwa na wepesi wa gari dogo la leo, na mlegeo kidogo katikati ulikuwapo tangu kiwandani. Lakini kiwanda hichohicho kiliagiza magurudumu ya mbele yaingiliane kwa mbele kati ya milimita 1.2 na 2.4 tu. Aliyeandika vipimo vya sehemu ya milimita hakukusudia dereva atafute barabara kwa kuzungusha usukani kiganja kizima. Fimbo inayounganisha magurudumu mawili ina skrubu ya kawaida upande mmoja na ya kinyume upande wa pili, hivyo ukilegeza klempu na kuizungusha fimbo yenyewe, inarefuka au kufupika bila kufungua kiungo chochote. Kwa chaki, ufito ulionyooka na rula, fundi yeyote anaweza kupima umbali wa rimu kwa mbele na kwa nyuma, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu, na kuupata ule upungufu. Ila alaimenti ifanywe mwisho, viungo vikiwa vimeshapona. Kupima alaimenti kwenye viungo vilivyokufa ni kupima nguo kwa futi ya mpira.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo nalipa uzito wote, maana mwenye gari la mwaka 1972 mara nyingi analo kwa sababu hana uwezo wa jingine. Spea ni ghali, na za bei rahisi nyingi hazina ubora. Jibu langu ni kwamba njia ya kutoka ardhini kwenda juu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu inaanza na vitu vya bure au karibu na bure: upepo, kukaza U-bolti, oili ya rilei na ya kingpini, kupunguza mzigo. Kipimo cha kiganja nacho kinaokoa fedha, kwa kuwa anayejua kuwa viungo viwili kati ya sita ndivyo vibovu atanunua viwili. Dukani, tairodi endi mpya ijaribiwe kwa mkono: gololi yake igome kugeuka, mpira wake wa kuzuia vumbi uwe mlaini bila nyufa, na iwe na tundu la kota pini. Ninachokataa kabisa ni njia mbili za kubana matumizi. Moja ni kugonga kikombe cha tairodi kwa nyundo ili kiibane gololi; kitabana kwa siku chache kisha kitalegea zaidi ya mwanzo. Ya pili ni kuchomelea fimbo au mkono wa usukani uliopinda au kupasuka. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma pembeni mwa mshono, na chuma hicho huja kukatika ghafla, bila kelele ya kumwonya dereva. Kuchomelea tela ni sawa. Fimbo ya usukani inunuliwe nyingine, hata iliyotumika, mradi ni nzima.

Wengine wanasema ya nini taabu hii yote, si heri kufunga pawa stelingi ya gari jingine? Kwa mtu mwenye mikono iliyochoka, au anayebeba mzigo kila siku kwenye miteremko ya Makete, hoja hiyo ina mantiki. Ila pawa husaidia uzito, haisaidii mlegeo. Mashine itasukuma viungo vilevile vilivyokufa kwa nguvu kubwa zaidi, na dereva atapoteza hata ile hisia iliyokuwa ikimjulisha kwamba kitu kinagonga. Zaidi ya hapo, kazi hiyo hudai kukata na kuchomelea chasisi pale pale mbele ambapo kutu imekwishapunguza chuma. Anayeitaka aponye kwanza viungo, apige chasisi kwa nyundo ndogo kusikiliza kama inalia imara au inasikika kama debe, ndipo aamue.

Limebaki pingamizi la mafundi wenyewe, nalo si la kubeza. Fundi wa njiapanda halipwi kwa kutafuta, analipwa kwa kufunga. Akilala chini nusu saa akatoka na kusema kwamba boksi lako ni zima, ila rilei imekauka na kiungo kimoja kimekufa, mteja atamwambia hajafanya kazi bado. Akikaza skrubu dakika tano, anapokea fedha na shukrani. Tukilaumu haraka ya mafundi bila kutaja ubahili wetu wa kulipia uchunguzi, tunakuwa hatujasema kweli. Hospitali tunalipia vipimo kabla ya dawa bila kunung'unika. Gerejini tunataka dawa bila vipimo, tena kwa gari litakalobeba watoto wetu. Na pale boksi linapothibitika kuwa ndilo bovu, kama litakavyothibitika kwa baadhi ya magari ya umri huu, lifunguliwe lote, bushi na gololi zibadilishwe, sili mpya iwekwe, lijazwe oili. Skrubu ya kurekebishia ipo kwa ajili ya kuondoa mlegeo mdogo wa boksi zima, nayo ikazwe usukani ukiwa umenyooka, kisha uzungushwe mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Ukikwama popote, irudishwe nyuma, hata kama katikati patabaki na mchezo kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye gari la namna hii, mvua zikiwa bado hazijaanza kunyesha Novemba au Desemba, lipeleke gari lako gerejini bila kusubiri liugue. Mwambie fundi unalipia uchunguzi wa usukani, wewe mwenyewe ukae kwenye kiti uusogeze huku yeye akiwa chini na chaki yake. Mwambie afungue boliti mbili za kifuniko cha juu cha rilei, moja ya kumiminia na moja ya kutolea hewa, ajaze polepole mpaka isimeze tena. Oili inayohitajika ni ileile namba 90 inayotumika kwenye difu na giaboksi ya gari hilohilo.